Nimefuta ile video ya sukari na kansa, na hii ndiyo historia ningesoma kwanza

Kama umekuwa hapa kwa muda, ile video unaikumbuka. "Vyakula vitano vinavyolisha kansa." Niko jikoni kwetu na kofia nyekundu, namwaga sukari kwa pipa la takataka ndio picha itoke poa. Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Halafu nikaifuta. Wengi mmeniuliza kwa nini na nimekuwa nikiwakwepa, kwa hivyo leo vuta kiti, itakuwa ndefu.

Video ilifika Bomet. Shangazi yangu aliiona kwa grupu ya familia, na aliiamini kwa sababu ni mimi, mtoto wa ndugu yake, msomi wa Nairobi. Wakati huo Kogo, nyanya yangu, alikuwa ameanza kushindwa kumeza. Kwanza ugali, halafu viazi, halafu hata chapati iliyolowekwa kwa chai. Alipopimwa akaambiwa ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Shangazi, kwa mapenzi yake yote, akaanza kufuata orodha yangu. Sukari ikatoka kwa uji. Maziwa yakatoka. Mayai yakatoka. Nyama ndiyo hata usiseme. Kogo akabaki na supu ya mboga na juisi ya biti.

Kadi yake ya kliniki ya mwanzo wa mwaka ilikuwa imeandikwa kilo 58. Siku ya kulazwa hapa Nairobi alikuwa 46. Shikilia hizo namba mbili, tutazirudia.

Nilianza kusoma nikiwa kwa benchi la wodi, betri ikiwa asilimia tisa, na nikajipata Vienna, tarehe 29 Januari 1881. Kulikuwa na mama anaitwa Therese Heller, miaka 43. Saratani ilikuwa imeziba mlango wa chini wa tumbo lake. Karibu kila kitu alichokula kilirudi, na kilichokubali kukaa kilikuwa maziwa ya mgando. Yaani, kwa lugha ya kwetu, mursik bila mkaa. Daktari Theodor Billroth akakata ile sehemu yenye ugonjwa na kuunganisha tumbo na utumbo upya. Wawili walikuwa wamejaribu kabla yake, Péan kule Paris mwaka 1879 na Rydygier mwaka 1880, na wagonjwa wao hawakumaliza wiki. Mama Heller alitoka hai, akaishi karibu miezi minne hadi saratani ikarudi. Madaktari wanaosomea upasuaji leo bado wanajifunza "Billroth ya kwanza" na "Billroth ya pili." Sijaona mahali popote palipopewa jina la yale maziwa.

Hiyo ndiyo lalama yangu na historia hii yote. Kisu kilipata jina. Chakula kikaachiwa jikoni.

Sasa ile stori ya sukari, sikuitunga mimi. Ina babu yake. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aligundua kwamba uvimbe wa saratani unakula glukosi kwa kasi sana kuliko seli za kawaida. Ni kweli kabisa. Hadi leo kuna mashine za kupiga picha zinazotumia tabia hiyo: mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi kidogo, na mahali uvimbe ulipo panawaka. Uongo ni lile daraja tulilojenga kutoka hapo, kwamba ukimnyima mgonjwa sukari basi uvimbe utalala njaa. Haulali. Mwili ukikosa sukari unaitengeneza wenyewe. Ini linachukua protini iliyovunjwa kutoka kwa misuli na kuigeuza kuwa glukosi. Kwa hivyo nilipomnyima Kogo uji, uvimbe uliendelea kula kama kawaida, ila sasa ulikuwa unakula mapaja ya Kogo.

Niliposoma hiyo sentensi mara ya kwanza nilizima simu, nikaenda kusimama nje karibu na wauza matunda.

Kwa nini misuli ni muhimu hivyo kwa mtu anayeenda kukatwa? Hapo kuna jamaa Mskoti namkubali sana, David Cuthbertson wa Glasgow. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akikusanya mkojo wa watu waliovunjika miguu. Ndio, mkojo. Kila mtu anatazama mfupa, yeye anapima nitrojeni kwa chupa. Akaona kwamba siku kadhaa baada ya jeraha mgonjwa anakojoa nitrojeni nyingi kupita kiasi, na hiyo nitrojeni ni mabaki ya protini. Ilikuwa nyingi mno kuweza kutoka kwa ule mguu peke yake. Mwili mzima ulikuwa unabomoa misuli yake ili kupata vifaa vya kuziba kidonda na kupigana na vijidudu. Na kisu cha daktari, kwa mwili, ni jeraha tu kama lile la ajali ya boda. Hautofautishi.

Fikiria kibanda ambacho kimevamiwa na mvua usiku na unachomoa mbao za kitanda kuziba paa. Kama ulikuwa na mbao nyingi, asubuhi utalala chini lakini utakuwa mkavu. Kama kitanda chenyewe kilikuwa kishauzwa, utachomoa nini?

Halafu 1936, Cleveland, Marekani. Huyu ndiye wa zile namba mbili. Daktari Hiram Studley alikuwa anajiuliza kwa nini wengine wanakufa baada ya upasuaji wa vidonda vya tumbo na wengine wanarudi nyumbani, ilhali upasuaji ni ule ule. (Hawa hawakuwa wa saratani, tuwe wakweli.) Akaangalia umri, akaangalia moyo, akaangalia aina ya upasuaji. Kilichojitokeza kilikuwa kitu ambacho hata mama mboga angeona kwa macho: walikuwa wamekonda kiasi gani kabla ya kukatwa. Waliopoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, theluthi moja walikufa, asilimia 33.3. Ambao hawakufika hapo, asilimia 3.5.

Nilifanya hesabu ya Kogo nyuma ya risiti ya maegesho. Kutoka 58 hadi 46. Asilimia 20 na pointi kadhaa.

Tulijua mwaka 1936. Hata penisilini ilikuwa haijafika hospitalini. Na bado, 1974, daktari mmoja wa Alabama anayeitwa Charles Butterworth alilazimika kuandika makala akiwaambia wenzake kuwa wagonjwa wanakonda ndani ya hospitali zao wenyewe na hakuna anayewapima kilo. Alieleza mambo ya kawaida kabisa: chakula kinazuiwa kwa sababu ya vipimo, dripu ya maji na chumvi inaachwa kama ndiyo mlo, uzito hauandikwi, na hakuna anayejua ni jukumu la nani. Mkenya yeyote aliyewahi kulaza mtu ataisoma na kufikiri imeandikwa wiki jana.

Nije kwa kufunga, kwa sababu hapo ndipo damu yangu ilichemka.

Kogo alipangiwa upasuaji Jumatatu. Tukaambiwa asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Jumatatu saa kumi jioni nesi akaja: chumba cha upasuaji kimejaa, dharura imeingia, mtarudi Jumatano. Usiku huo akanywa uji nusu kikombe, akachoka. Jumanne saa sita usiku, funga tena. Jumatano, umeme. Ijumaa, damu yake haikuwa imepatikana. Siku tatu za kufunga ndani ya wiki moja, kwa mtu wa kilo 46, na hata hajaguswa na kisu. Sitaitaja hospitali. Wale manesi walikuwa wawili kwa wodi nzima na waliomba msamaha kila mara. Lakini nilitaka kujua: hii saa sita usiku ilitoka wapi? Nani aliisema?

Sehemu kubwa inarudi New York, 1946, kwa daktari Curtis Mendelson. Alipitia rekodi za ujauzito 44,016 na kukuta akina mama 66 ambao chakula au maji ya tumbo yaliingia kwa mapafu wakiwa wamelala kwa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Wawili walikufa, na wote wawili walisakamwa na chakula kigumu. Hatari ni ya kweli, asikudanganye mtu. Lakini ona kilichofuata. Onyo lililohusu akina mama wanaojifungua, kwa dawa za usingizi za enzi hizo, likageuka kuwa amri kwa kila mtu, kwa kila kitu, hadi maji. Na kwa sababu ni rahisi kumwambia kila mtu "saa sita usiku" kuliko kupanga saa ya kila mgonjwa, amri ikakaa.

Kinachoniua ni kwamba Joseph Lister, yule wa kusafisha vidonda kwa dawa, alikuwa ameshaandika mwaka 1883 kwamba chakula kigumu kisiwepo tumboni, lakini kikombe cha chai kama saa mbili kabla ni sawa. 1883! Ikabidi ifike 1986, huko Calgary, Kanada, ndipo Maltby na wenzake wawape watu maji kidogo, mililita 150, saa mbili au tatu kabla ya upasuaji, na kuona kuwa tumbo halikuwa limejaa zaidi ya la waliofunga. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kikaandika mwongozo: vinywaji vyepesi unavyoweza kuona ng'ambo yake, hadi saa mbili kabla. Chakula chepesi, saa sita kabla. Kwa hivyo strungi inapita, chai ya maziwa haipiti.

Kabla hujamwekea mtu wako strungi: ukiwa na umio au tumbo lililoziba kama la Kogo, hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu chakula kinaweza kubaki pale juu siku nzima. Anayeamua ni daktari wa usingizi, si mimi. Lakini una haki ya kumuuliza, "Upasuaji ukiahirishwa, ataruhusiwa kula saa ngapi?" Mimi sikujua naweza kuuliza. Nilikaa tu na kikombe cha uji kikipoa.

Waliobadilisha mchezo kweli walikuwa wa Ulaya Kaskazini. Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, miaka ya 1990 alianza kuuliza swali la kitoto: huyu mgonjwa bado yuko kitandani kwa nini? Zamani ukikatwa utumbo ulilala, hukula hadi upitishe hewa (naam, wodi nzima inasubiri ujambe), unakaa wiki na zaidi. Kehlet akawapa dawa nzuri ya maumivu, akawainua siku hiyo hiyo, akawalisha mapema. Wengi wa wale wa utumbo mpana wakaenda nyumbani siku ya pili au ya tatu. Mwaka 2001 Ken Fearon wa Edinburgh na Olle Ljungqvist wa Uswidi wakaunda kundi la kueneza mpango wa aina hiyo. Ljungqvist ndiye alikuwa akiwapa wagonjwa kinywaji cha wanga saa chache kabla ya upasuaji badala ya kuwapeleka na njaa. Yaani sukari. Mpasuaji anampa mgonjwa wa saratani sukari, na mimi niko jikoni na kofia nyekundu naimwaga.

Kuna mtu wa lishe alikuja kitandani kwa Kogo, dada mdogo tu, labda ananizidi miaka mitatu. Alikuja wiki ya pili, ile Ijumaa ya damu. Hakuanza na faili. Alimpa Kogo kifaa cha chuma kama mpini wa pampu, akamwambia, "Kogo, finya kwa nguvu zako zote." Kogo, ambaye alinifundisha kukamua ng'ombe, ambaye alikuwa anaweza kunishika mkono nikiwa na miaka kumi na nne nikashindwa kujitoa, alifinya na mshale haukusogea vya kutosha hata kuona. Akacheka kidogo. Akasema kwa Kikipsigis kwamba kifaa kimeharibika.

Hakikuwa kimeharibika. Tangu 1980 kuna utafiti wa Waingereza kwenye jarida la BMJ ulioonyesha kwamba nguvu ya kufinya mkono kabla ya upasuaji inatabiri vizuri nani atapata matatizo makubwa baadaye. Mkono ni dirisha tu. Misuli ile ile inayofinya ina dada zake wanaovuta pumzi na kukohoa makohozi yasikae kwa mapafu, na wanaokutoa kitandani uende choo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Irwin Rosenberg alipendekeza hali ya kupungukiwa misuli iitwe sarkopenia, kutoka Kigiriki. Maana yake ni umaskini wa nyama, na sidhani kuna jina bora zaidi.

Na usidhani huu ni umaskini wa watu wembamba peke yao. Mwaka 2008 Carla Prado na wenzake huko Alberta walitumia zile picha za CT ambazo wagonjwa wa saratani hupigwa tu kwa kawaida, wakapima misuli ya watu wanene. Wenye mafuta mengi na misuli kidogo waliishi muda mfupi kuliko wanene wenzao wenye misuli. Kwa hivyo mjomba wako anayesema "mimi sijakonda, niko sawa" anaweza kuwa anapungua ndani, chini ya shati lile lile.

Nilimuuliza yule dada, kwa aibu, kuhusu mayai. Akaniangalia kama mtu aliyeshauliza hilo swali jibu lake mara elfu. Akanifanyia hesabu: mgonjwa kama huyu anahitaji angalau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiwezekana 1.5. Kilo 46, hiyo ni karibu gramu 55 hadi 70. Yai moja lina kama gramu sita. "Sasa niambie," akasema, "supu ya mboga ina ngapi?"

Pia hakunidanganya. Kuna kukonda kwa njaa, ambako chakula kinarudisha, na kuna kukonda kunakosukumwa na saratani yenyewe, ambako chakula peke yake hakirudishi kila kitu. Kwa Kogo vyote viwili vilikuwa vimechanganyika. Mwongozo wa ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, unasema mtu aliyekonda vibaya alishwe kwanza siku 7 hadi 14, hata kama upasuaji ni wa saratani na itabidi usubiri. Kule Montreal, mwaka 2014, walichukua wagonjwa 77 wa saratani ya utumbo. Kundi moja lilianza mazoezi, protini na kutuliza akili wiki nne kabla ya kukatwa, lingine likaanza baada ya kukatwa. Wiki nane baadaye, asilimia 84 ya kundi la kwanza walikuwa wanatembea kama mwanzo au zaidi, dhidi ya asilimia 62. Wiki nne tu. Sisi tulikuwa na miezi mitatu kati ya siku aliyopimwa na siku ya kulazwa. Tulifanya harambee mbili za pesa ya upasuaji, na hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyetuma hata mia tano ya maziwa.

Kogo hakukatwa. Walijaribu kumlisha kwa mpira wa puani, akapata homa ya mapafu, na mpasuaji akatuita akasema kwa upole kwamba hawezi kumfungua kifua mtu huyu. Badala yake akawekewa stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachojitanua ndani ya umio na kufungua njia. Sio tiba, ni mlango wa chakula. Na hili nalo lina historia ya nyumbani: Tenwek, pale Bomet, wameweka hizi stenti kwa mamia ya watu, na ni madaktari wa huko walioandika kwenye Lancet mwaka 2002 kwamba saratani hii inakamata hadi vijana wa eneo letu, wengine hawajafika miaka 30. Wengi hufika wakati hata mate yameanza kurudi. Yaani wanafika wakiwa tayari wa Studley.

Aliishi miezi saba. Alikula ugali laini, mayai ya kuvuruga, omena iliyosagwa, uji wa wimbi wenye sukari vijiko vitatu, na mursik. Mwezi wa pili alirudi kilo 49. Siwezi kukuambia angekatwa angepona. Saratani ya umio ni mbaya, wengi wanaokatwa pia hawafiki mbali. Ninachojua ni kwamba aliwekwa mbele ya mpasuaji akiwa hana mbao za kuziba paa, na baadhi ya zile mbao nilichomoa mimi, kwa simu, nikiwa Nairobi.

Shangazi hajawahi kunilaumu. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama nimekula.

Video nimeifuta kwangu lakini watu walikuwa wameihifadhi, na bado inazunguka. Mwezi jana mtu wa Kitale amenitumia, akiniuliza kama ni kweli, kwa sababu babake anakatwa tumbo wiki ijayo. Kwa hivyo ukiipata kwa grupu ya familia yenu, yule wa kofia nyekundu ni mimi. Waambie mwenyewe amesema huyo mzee arudishiwe mayai yake leo, na kesho mkimpeleka kliniki mwombe aonane na mtu wa lishe kabla ya mtu wa kisu.